Flashi ya Msiba

Marieta aliingia bila hodi, kanga ya kichwani imekaa upande, mkononi kashika flashi kama mtu aliyebeba kidonge cha mgonjwa.

"Bibi Hilda, nisaidie. Tumemsahau mtoto!"

Yuliana, bibi yake Hilda, aliacha kuchambua dagaa. Kaka yake Marieta, mzee Wanzagi, alifariki juzi, na kesho mchana anazikwa Butiama. Hilo mtaa mzima wa Kitaji ulikuwa unalijua. Jipya ni kwamba kwenye wasifu wa marehemu, ule wa kusomwa kaburini, wameandikwa watoto wanane. Wako tisa. Aliyerukwa ni Kija, wa mke mdogo wa marehemu, na wajomba zake Kija walishasema safari hii hawatanyamaza.

"Wasifu umo humu. Pale stesheneri wamekatiwa umeme. Wewe si una kompyuta na printa?"

Kompyuta ilikuwepo sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ila haikuwa ya Yuliana. Ilikuwa ya mjukuu wake Hilda, mwalimu wa Bunda anayesomea shahada. Aliihamishia kwa bibi yake baada ya chumba chake cha kupanga kuvunjwa na wezi. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee kumi na wanne wa Butiama, alizozirekodi kwa miaka miwili, wakieleza mbegu za ulezi na mtama za zamani. Masomo yake yote yalitegemea sauti hizo, na nakala nyingine hakuwa nayo. Mmoja wa wazee hao, Bibi Jenoveva, alizikwa mwezi wa nne.

Kila akiondoka, Hilda alimwachia bibi yake neno moja tu: "Bibi, flashi ya mtu hapana. Zinatembeaga na virusi."

Angekuja mtu wa kuchapa tangazo la kuuza mbuzi, Yuliana angemrudisha. Lakini huyu ni mfiwa. Mfiwa utamwambiaje hapana?

Akaichomeka.

Pembeni mwa kioo pakatokea kijisanduku cha njano.

"Inasema nini?" Marieta aliuliza.

"Inasema kuna hatari. Inauliza kama nakubali kuendelea."

"Si ukubali! Inatishaga tu hiyo. Jeneza linaondoka mochwari alfajiri!"

Yuliana akabonyeza. Kioo kizima kikawa chekundu, king'ora kikaanza kulia. Akasoma polepole, neno kwa neno: KOMPYUTA YAKO IMEVAMIWA. USIZIME. PIGA NAMBA HII SASA HIVI.

Marieta alikuwa ameshapiga, simu ameiweka spika.

"Shikamoo mama," sauti ya kijana ilisema, laini kama ya katekista. "Hapa ni usalama wa kompyuta. Poleni sana. Tumeviona virusi vyenu."

"Marahaba, baba. Tusaidie," Marieta alijibu.

Kijana akamwelekeza Yuliana abonyeze hapa, kisha pale. Zikatokea namba tisa. "Nisomee hizo mama, niingie kwa mbali nikusafishie."

"Nne," alisoma Yuliana. "Saba. Moja. Sifuri. Ngoja kwanza, baba, nimpigie mwenye kompyuta."

"Hapana mama! Usimwambie mtu. Ukimwambia, virusi vinahamia kwenye simu yake."

Yuliana akaacha kusoma. Wiki kumi na moja alikaa wodini na marehemu mume wake. Kila daktari aliyemgusa mzee alianza kwa kuuliza: umekuja na nani, ndugu zako wako wapi? Hakuona hata mmoja aliyetaka ndugu wasijue.

"Wewe ni daktari gani unayefukuza ndugu wa mgonjwa?"

Ulaini ukaisha. "We bibi, soma namba! Zimebaki tano!"

"Msomee tu, yaishe," Marieta alinong'ona.

Yuliana akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya meza, akang'oa waya ukutani. King'ora kikakatika. Kwenye simu yule mtu aliendelea kuita, "Haloo? Mama?" mpaka Marieta akamkatia.

"Umeiua," Marieta alisema.

"Labda." Yuliana alikaa chini. "Huo wasifu, wa karatasi hamkuchapa?"

"Ninao kwenye mkoba. Lakini ndio wenye watoto wanane."

"Lete."

Akachukua kalamu ya wino. Kati ya majina ya Stanislausi na Recho, kwa mwandiko wake wa darasa la tatu, akaandika Kija. Akakata wanane, akaandika tisa. Marieta akaitazama ile karatasi, akataka kucheka, ikashindikana.

Marieta alipoondoka, Yuliana alishika simu muda mrefu kabla ya kupiga.

"Hilda, nimechomeka flashi."

"Ya nani?"

"Ya msiba."

"Usiiwashe. Nakuja."

Hakumfokea. Afadhali angefoka. Yuliana hakuweza kuwarudia dagaa. Kila mara alikwenda kuligusa lile boksi la kompyuta. Lilikuwa la baridi.

Hilda alifika jioni na diski ya kusafishia virusi aliyopewa na fundi wa shuleni kwao. Akasimuliwa habari yote ya simu, akachomoa waya wa intaneti kwanza, ndipo akawasha. Folda ya sauti ikafunguka tupu, nyeupe.

"Zimeliwa?" Yuliana aliuliza, ameshika mwimo wa mlango.

"Au zimefichwa. Sijui bado, Bibi. Usiniulize."

Usafishaji ulichukua muda. Kisha majina yakaanza kurudi, moja, moja. Hilda alifungua kila sauti akasikiliza kidogo: kikohozi, kuku, mzee anacheka. Ya Jenoveva akaiacha mwisho. Akabonyeza. Hakuna. Akabonyeza tena.

"Hiki kidude kinanisikia kweli?" Jenoveva akauliza.

Hilda akajifuta machozi kwa kiganja. "Zile namba tano zingemfikia yule tapeli, angefanya alivyotaka. Na mimi nimekosa. Mwaka mzima najiambia nitatoa nakala."

"Sasa akija mwingine na msiba, nimwambie nini?"

"Mwambie imeharibika."

"Nimdanganye mfiwa?"

Hilda akatoa mkobani diski nyingine, mpya, aliyoinunua Bunda akija. "Basi sauti zisiwe humu peke yake. Diski hii nitakaa nayo mimi."

Mstari wa kijani wa kunakili ukaanza kutambaa kwenye kioo. Yuliana akavuta kigoda akakaa karibu, akakataa kwenda kupakua chakula. Ulipofika katikati, ukasimama.

"Mbona umesimama?"

"Subiri, Bibi."

"Nasubiri nini?"

"Ya Jenoveva, ni ndefu," Hilda alisema. Wakautazama wote wawili.