Viriba Kumi na Tisa

Kazini huniita Hakimu, na sikuwahi kulikataa jina hilo. Mbegu ikiingia chumbani kwangu naisafisha, naipima, naikausha mwezi mzima, naifunga kwenye pakiti isiyopitisha hewa, kisha naitia kwenye friza. Mbegu kavu ni mbegu hai: hilo nililikariri kabla sijaajiriwa, na kwa miaka kumi na moja halikuwahi kuniangusha. Sipendi kubishiwa katika kazi yangu.

Aliyenibishia ni mjomba, kaka yake mama, mtunza bustani wa taasisi yetu ya kuhifadhi mbegu. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenileta kuomba kazi hapa nikiwa nimevaa viatu vya mke wake. Kwa miaka ishirini na sita alitunza mti mmoja nyuma ya ofisi, akiuita Bikizee. Uliletwa ukiwa mche kutoka bonde ambalo sasa liko chini ya bwawa la umeme, na mwingine wa aina yake haujulikani popote. Vipandikizi vyote alivyojaribu vilioza. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Bikizee alizaa: matunda kumi na tisa, kila tunda mbegu moja. Kisha akaanza kukauka kutoka kileleni, na mwezi haukwisha akawa kuni.

Mjomba aliniletea mbegu ndani ya kopo lililojaa unga wa mbao uliolowa.

"Zisikauke hizi, mama," aliniambia. "Za bondeni zinataka maji."

"Mjomba, hapa si kitaluni. Ukiniletea tope, nami nitakurudishia kuvu."

Akacheka. "Haya, Hakimu. Wewe ndiye uliyesoma."

Nikaumwaga ule unga wa mbao kwenye ndoo ya taka mbele ya macho yake, nikamrudishia kopo lake. Akalichukua, akarudi kitaluni. Laiti angenigombeza kama alivyonigombeza utotoni, pengine ningeshtuka.

Miezi mitatu ikapita. Mjomba alijaza udongo viriba kumi na tisa, ile mifuko myeusi ya miche, akavipanga kivulini karibu na kisiki cha Bikizee. Kila asubuhi alivimwagilia, ati udongo uzoee. Nikipita kwenda ofisini aliniuliza, "Wanangu hawajaamka?" nami nilimjibu kwamba aache pupa, wamelala usingizi wa raha.

Kanuni inanitaka nipime mbegu chache kabla ya kuzitoa. Nilichukua tatu, nikazipasua katikati, nikaziloweka kwenye dawa. Mbegu hai hunywa dawa hiyo ikawa nyekundu. Iliyokufa hubaki ilivyo. Kesho yake nikazikuta nyeupe, zote tatu. Nikailaumu dawa. Nikanunua maharage dukani, nikayapima kwa dawa ileile, yakawa mekundu.

Ndipo nikasoma nilichopaswa kusoma tangu mwanzo. Mbegu nyingi tunazozijua zimejifunza kukauka na kulala, kwa vizazi visivyohesabika vya kiangazi. Asiyejifunza alikufa bila kuacha mtoto. Lakini bonde la Bikizee halikuwa na kiangazi. Mbegu zake hazikuwahi kuhitaji kulala, basi hazikujua. Ziliingia chumbani kwangu zikiwa macho, zikipumua ndani ya lile kopo, nami nikazikausha mpaka zikafa, pengine siku ya tano au ya sita, huku kila asubuhi nikiandika kwamba hali ni nzuri.

Nikazipima uzito zile kumi na sita zilizobaki, nikitafuta hata moja yenye unyevu. Zote zilikuwa zimekauka sawasawa. Mimi si mtu wa kufanya kazi nusunusu. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini miguu yangu ilikuwa mizima, na ndiyo iliyonipeleka kwa mjomba. Niliona aibu hata ya kuvuta hewa.

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya viriba vyake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Hakuyasubiri. Alinipokea pakiti, akazimimina mbegu kiganjani, akazirusha kidogo na kuzidaka.

"Nyepesi," alisema. "Ulizikausha."

"Nilizikausha, mjomba. Zimekufa." Nikaanza kulia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakuninyamazisha.

Alipiga magoti. Akatoboa udongo wa kiriba cha kwanza kwa kidole, akaweka mbegu, akafukia. Akaenda kwenye cha pili.

"Mjomba, haziwezi kuota."

"Nimesikia."

Aliendelea polepole, akipangusa kidole kwenye suruali kila baada ya kiriba, mpaka kiganja kikawa kitupu. Vikabaki viriba vitatu. Akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Na hizo tatu?"

"Nilizipasua. Nilizipima."

"Ndiyo. Zilete."

"Nilizitupa, mjomba. Ndoo ya taka imeshamwagwa."

Mkono wake ulibaki umenyooshwa kwa muda, kana kwamba bado nilikuwa na kitu cha kuweka humo. Kisha akaegemea ndoo, akainuka, akachota maji kwa kopo lilelile, akavimwagilia vyote kumi na tisa.