Mchicha Uliokatwa Jioni

Raudha alibakiwa na siku moja. Kesho yake Dokta Gregori, mkuu wa maabara yao ndogo pale Kibaha, angekuja kuona kama mradi wake una uhai. Kama hauna, meza yake ingepewa mtu mwingine. Na kwa wiki tatu nzima kipimo cha umeme kilikuwa kimegoma kwenye sifuri.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Ndani ya jani kuna vimeng'enya vinavyopokea mwanga na kuugeuza kuwa umeme. Raudha alivitoa kwenye mchicha, akavibandika juu ya nyuzi za kaboni nyembamba mno, hata unywele mbele yake ungeonekana gogo. Nyuzi alizipima mpaka akachoka, zilikuwa nzima. Vilivyokufa ni vimeng'enya. Sababu hakuijua, na alikuwa ameanza kujiona mjinga.

Jioni hiyo alipita kwa Bi Kidawa, muuza mboga wa Mbwawa.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Mafungu manne, nikukatie?"

Bi Kidawa huwakatia mboga wote watokao kazini, wakifika nyumbani ni kubandika sufuria tu. Raudha alikuwa anaitikia kila siku bila kufikiri. Leo, labda kwa uchovu, akauliza, "Hivi nikiulaza kwenye friji mpaka asubuhi unakuwaje?"

Kisu kikasimama. "Uliokatwa? Haulali huo. Unajitoa maji, unaharibika. Kwani wewe hupiki jioni hiyohiyo?"

Hakuwahi kumwambia kuwa mchicha ni wa maabara. Aliona haya, akidhani mama wa watu atamcheka. Shahada mbili anazo, na wiki tatu alikuwa anabeba maiti kwenye mfuko.

"Nipe mzima," alisema. "Na mizizi yake."

Alfajiri aliukata mwenyewe, akatoa vimeng'enya vipya na kuvibandika kwenye nyuzi. Asubuhi Dokta Gregori alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Raudha akawasha taa. Namba ikaondoka kwenye sifuri, ikapanda mpaka kumi na mbili.

"Zima," Dokta akasema.

Ikashuka.

"Washa."

Ikapanda tena. Kwa furaha Raudha akasahau hata kuandika.

"Ni kidogo," Dokta alisema. "Hata taa ya tochi haiwaki."

"Najua, Dokta."

Dokta akavuta kiti, akakaa. "Mchicha huu umeutoa wapi?"

"Kwa Bi Kidawa, Mbwawa."

"Mwambie tutauhitaji mwaka mzima."