Fizi za Mzee Isakwisa

Tangu mkewe Faustina afariki, Mzee Isakwisa aliishi peke yake Iyunga, Mbeya, katika nyumba waliyoijenga alipokuwa fundi wa reli. Binti yao wa pekee, Rozalia, alikuwa mwalimu Iringa. Alipiga simu kila Jumapili, wakaongea habari za mvua na mahindi, basi.

Mwaka wa pili watu walianza kumkimbia. Jirani yake Gerson, aliyezoea kucheza naye drafti, akija alisimama uani, haketi. Kanisani waliokaa naye benchi moja walisogea kidogo kidogo hadi akabaki peke yake pembeni. Isakwisa akadhani wamechoka na huzuni yake. Akaacha kwenda.

Nyumbani alipika uji tu, maana vyakula vigumu vilimuumiza fizi. Akipiga mswaki alitema damu, kwa hiyo akauacha mswaki, akiamini ndio unaomchubua.

Kliniki ya presha hakukosa hata mwezi mmoja. Dawa alimeza kama alivyoelekezwa, lakini kipimo kiligoma pale pale, mia na sabini kwa mia. Wakamwongezea dawa, wakamwambia apunguze chumvi.

Mwezi wa saba, siku ya baridi kali, alimkuta muuguzi mgeni, Yusta, mama wa makamo mwenye lafudhi ya Kihehe. Alimpima, kisha akaiweka kalamu chini.

"Baba, samahani. Nyumbani unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Ndiyo maana hakuna aliyekwambia. Mdomo wako unanuka, baba. Nadhani fizi zina ugonjwa."

Uso ulimwaka. Akamkumbuka Gerson amesimama uani. Faustina angemwambia siku ya kwanza, tena huku anaendelea kupepeta mchele.

Yusta mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa daktari wa meno, jengo la nyuma. Daktari alikuta ugaga, uchafu uliogandia meno, umejaa, na usaha chini ya fizi. Alimweleza kwamba uvimbe wa fizi usiotibiwa huweza kusumbua hata mishipa ya damu, na mwenye nao mara nyingi presha yake huwa ngumu kushuka. Hakumwahidi kitu. Alimpima sukari, ikawa sawa, kisha akamsafisha kwa awamu nne na kung'oa meno mawili yaliyolegea. Akamwagiza apige mswaki laini asubuhi na jioni, hata damu ikitoka.

Mwezi wa kumi kipimo kilisoma mia na arobaini na mbili kwa themanini na nane. Yusta alisema dawa asiziache. Gerson naye alirudi, akaketi, akapanga kete za drafti.

Jumapili Rozalia alipopiga, Isakwisa alimsimulia yote, hata aibu yake.

"Pasaka nilipokuja niliisikia hiyo harufu, baba," Rozalia alisema. "Nikashindwa kukwambia. Nikasema nimeitwa shuleni, nikaondoka mapema."

Isakwisa alikumbuka alivyombebea mfuko hadi stendi siku ile, akijivunia mtoto anayehitajika kazini.

"Ukija tena, uniambie," alisema. "Mama yako hayupo."

Rozalia alikuwa analia. Akasema atakuja shule zikifungwa, mwezi wa kumi na mbili.

Isakwisa akahesabu majuma. Yalikuwa bado saba.