Wasichana Wote Waliandika Ndiyo

Hilaria alikuwa amebakiza wiki sita tu kufanya mtihani wa kidato cha nne, na koki ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo wa kudondoshea asidi, alikuwa hajawahi kuizungusha kwa mkono wake hata siku moja. Kuosha, aliosha sana. Miaka minne ya kemia, kila praktikali ikiisha wavulana walitoka kwenda kucheza mpira, wasichana wakabaki na vile vioo kwenye karai. Shule ilikuwa na bureti nne. Mwalimu Basili aliwapa wavulana washike, wasichana waandike namba, kwa sababu, alisema, mikono ya wasichana hutetemeka na kioo kikivunjika hakuna kingine. Mikono hiyohiyo, jamani, ndiyo iliyoosha bureti zote nne miaka yote bila kuvunja hata moja!

Lakini kwenye mtihani hakuna kikundi. Siku hiyo huingia kwa zamu, kila mtu peke yake na bureti yake, mikono itetemeke isitetemeke. Baba yake kule Tlawi alishasema: akifaulu sayansi aende kidato cha tano, akianguka arudi nyumbani moja kwa moja, hakuna kurudia.

Jumatatu akafika Madamu Imakulata, mtafiti kutoka chuo kikuu, anayechunguza jinsi wasichana wanavyofundishwa sayansi. Kabla mgeni hajaingia darasani, Mwalimu Basili aliwaita pembeni wasichana wote kumi na wawili.

"Wanangu, huyu ni mgeni," alisema. "Msije mkaniaibisha."

Hayo yalitosha. Ni mwalimu huyuhuyu aliyempakia Hilaria kwenye baiskeli yake mpaka zahanati ya shamba la ngano, siku malaria ilipompanda kichwani, akiisukuma kwenye matope yaliyofika magotini. Na hata bila hiyo baiskeli, binti aliyelelewa vizuri hamwagi mambo ya nyumbani mbele ya mgeni. Mgeni akiuliza habari, ni nzuri, hata kama ng'ombe amekufa asubuhi hiyo.

Fomu aliyowagawia Madamu iliuliza: Je, wewe mwenyewe hushika vifaa vya maabara wakati wa majaribio? Wasichana wote waliandika ndiyo. Hata Tekla, binti wa wafugaji wa Balangdalalu, ambaye hata kuosha alikuwa anakatazwa kwa sababu eti watu wa kwao wamezoea vibuyu, si vioo, naye aliandika ndiyo, tena kwa herufi kubwa.

Jumatano asubuhi Madamu aliaga mstarini. Akashukuru, akasifu, kisha akasema kwa furaha kwamba shule ambazo wasichana hawashiki vifaa zitaletewa mwalimu wa kike na sanduku la vifaa, kila Jumamosi mpaka mtihani.

"Ninyi hapa hamna haja," alisema. "Mna bahati kweli."

Wasichana wakatazamana. Kumbe lile neno moja la adabu ndilo lililomfungia Hilaria mlango!

Gari la shamba la ngano lililompa Madamu lifti lilikuwa limesimama langoni, likisubiri kombaini tatu za kuvunia zipite na vumbi lao. Hilaria alitoka mstarini bila ruhusa, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu aanze shule, akamkimbilia Madamu pale garini.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

"Tulidanganya. Hatushiki vifaa, tunaosha tu. Naomba mtuletee huyo mwalimu. Nakuomba sana, Madamu, mimi nitaanguka."

Mwalimu Basili alikuwa anakuja nyuma yake, amebeba begi la mgeni. Alisikia yote. Madamu alifungua faili lake, akapekua zile fomu moja baada ya nyingine.

"Kumi na wawili mmesema ndiyo, sasa wewe peke yako unasema hapana. Si woga wa mtihani tu huo?"

"Hapana, Madamu."

"Haya, tuone. Nieleze titresheni inavyofanywa."

Swali likiulizwa mbele ya mwalimu hujibiwa. Hilaria alisimama wima, mikono nyuma, na jibu likatoka lenyewe kwa Kiingereza cha daftari: jinsi ya kujaza bureti, macho yawe usawa upi, asidi idondoke tone kwa tone, mchanganyiko wa manjano ugeuke rangi ya chungwa. Alikuwa amezisoma noti hizo mpaka kurasa zikaachia. Katikati ya sentensi alijua kwamba anajizika mwenyewe, lakini mdomo haukujua kukosea mbele ya mwalimu. Alimaliza yote bila kuruka hatua.

Madamu alicheka kwa upole, akampigapiga begani.

"Kumbe unajua yote! Jiamini tu, binti."

Kombaini ya mwisho ilikuwa imepita. Hilaria akamgeukia mwalimu wake, machozi yakimtiririka.

"Mwalimu, mwambie. Tafadhali, mwambie."

Mwalimu Basili aliweka begi garini. Alikohoa, akayatazama matairi kwa muda mrefu kuliko yalivyostahili kutazamwa.

"Ni mwoga kidogo," alisema hatimaye. "Lakini ndiye mwanafunzi wangu bora."

Madamu akaandika hilo pia, akapanda gari.

"Asante, Mwalimu," Hilaria akasema, kwa sababu mtu akisifiwa hushukuru.