Jina la Severini

Mzee nisiyemjua aliingia ghalani Kibaoni bila hodi. Nilikuwa nahamisha majina ya wakulima kutoka kompyuta ya zamani kwenda mfumo mpya. Atakayeachwa, mpunga wake hautapokelewa msimu huu.

"Usinisahau, mwanangu. Severini wa Mamba."

Jina hilo nililijua. Ndiye karani aliyefuta jina la mama katika kompyuta ileile kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, mpunga wetu ukaozea mvuani.

"Josefina unamkumbuka? Mimi bintiye."

"Hayo ya zamani, mwanangu."

"Hata mpunga uliooza ni wa zamani."

Kumruka tu kungetosha. Miaka kumi nilikuwa naisubiri siku hii. Lakini asubuhi nilimwahidi mama kwamba sitamwacha mtu. Nikaliingiza jina lake, machozi ya hasira yakinitoka.