Vunjajungu kwenye Friji

Friji letu halijawahi kuwa la chakula peke yake. Kando ya maziwa utakuta kikopo chenye matundu, na ndani yake mbawakawa au kipepeo aliyelegea kwa baridi. Ndivyo Baba anavyowapiga picha wadudu wake. Mdudu akipoa hatoroki. Unamweka kwenye jani, unammulika taa, anapata joto taratibu, na kabla ya kuruka ananyoosha mabawa. Hapo ndipo unapobonyeza. Kisha anarudishwa alikotolewa. Majirani wanamwita Bwana Wadudu, naye huwajibu kwamba wadudu ni afadhali kuliko umbeya wao.

Mama amelipigania friji hilo tangu sijazaliwa. "Siku moja utakunywa chai ya panzi," humwambia, "na wala sitakuonya."

Mwaka huu utani umetuishia. Baba alikuwa fundi saa, mtu aliyekula kwa macho yake. Sasa jicho la kulia halioni kitu, na la kushoto limejaa ukungu. Daktari hakumung'unya maneno: hilo nalo linaondoka. Baba hakuuliza habari za kusoma wala kutembea. Aliuliza kama atawahi kumpiga picha vunjajungu wa kijivu, yule anayejifanya gome la mti. Maisha yake yote hajamwona akifungua mabawa, na alitaka kuijua rangi ya ndani kwa jicho lake mwenyewe, basi. Nilikasirika. Nilidhani angetaka kututazama sisi.

Jana nikampata. Wala sikuwa namtafuta. Nilikuwa naanua nguo, naye amejibandika kwenye nguzo ya kamba. Nilimfunika kwa kikopo nikamkimbizia Baba, akanishika mkono mpaka nikaumia.

"Mtie kwenye friji, mwanangu," alisema. "Rafu ya chini. Akipoa tu, mlete."

Nikamweka huko, nikaenda chumbani kusimamisha taa na kutengeneza jani. Baba alihangaika kufunga lenzi kwa mikono yake inayotetemeka siku hizi, na akakataa katakata nimsaidie. Mama ndiye aliyeleta kikopo. Alikuja anatabasamu.

"Leo hakusumbui huyu," alisema.

Tukamweka mdudu juu ya jani. Baba akainama nyuma ya kamera, kidole kwenye kitufe. "Mama watoto, nyie mnaona vizuri. Akitikisika tu, niambieni."

Tukangoja. Chumba kikapata joto, jasho likaanza kunitoka mgongoni. Vunjajungu alikuwa anatoa maji; matone madogo yalimtoka miguuni, yakalowesha jani. Mdudu wa rafu ya chini hatoi maji hivyo.

"Mama, ulimtoa wapi?"

"Kule juu, kwenye barafu. Nilimhamisha mimi. Baba yako mikono imekuwa mizito, nikaona bora apoe sana, amtulie."

Nilitaka kumfokea. Maneno yalishafika mdomoni, makali kweli kweli. Lakini nilimwona uso unavyombadilika, anavyoanza kuelewa, nikayameza. Katika ndoa yao yote, hiyo ndiyo mara ya kwanza aliyoshughulika na mdudu kwa hiari yake.

Baba akanyoosha kidole, akamgusa. Mguu mmoja ukakatika, ukabaki kwenye jani.

"Amekufa," alisema. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Nisamehe, mzee wangu. Haki ya Mungu sikujua."

Mama, ambaye hukimbia hata sisimizi, akavuta kiti, akalishika bawa kwa ncha za kucha na kulifungua polepole. Machozi yalikuwa yanamdondokea mikononi.

"Njoo uone, basi," alisema. "Rangi ipo. Haijaenda popote. Njoo."

Baba akasogeza uso mpaka kope zikakaribia kuligusa bawa. Akakaa hapo muda mrefu, chini ya taa ile kali. Mimi niliyekuwa nimesimama mbali nililiona sawasawa: lilikuwa jekundu, jekundu la pilipili iliyoiva.

"Jeusi," Baba alisema. "Miaka yote hiyo, kumbe ni jeusi tu."

Mama akanitazama.

"Ndiyo, mume wangu," alisema, bado amelishikilia. "Ni jeusi."