Anaendesha Tangu Jana

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa maneno machafu. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na sita, kuanzia Kagunga kule mpakani mpaka hapa Ujiji, na hakuna mtoto aliyewahi kunisikia nikiitaja haja ya mtu kwa jina lake. Mtu akishikwa na tumbo, nasema anaendesha. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyosema hata mbele ya daktari. Mnione mjinga mkitaka, lakini nisikilizeni kwanza.

Jina langu Leodgar. Hapa kwenye makao ya wazee, mlimani juu ya Bangwe, wananiita Mwalimu. Mke wangu alishatangulia na mtoto hatukujaliwa. Nimekaa chumba kimoja na Selestini miaka minne, vitanda viwili, katikati hatua tatu. Selestini alikuwa dereva wa treni, mtu wa miaka themanini na nne, mkaidi, anakoroma, na anapenda mawese kuliko afya yake. Tuligombana kila siku ya Mungu. Simjui mtu mwingine aliyeweza kunivumilia.

Kichwa chake kilikuwa kinampotea mara mojamoja. Siku hizo alikuwa anakaa kitako, anakamata chuma cha kitanda, na treni inaondoka Kigoma. Anataja stesheni zote, Kazuramimba, Uvinza, Malagarasi, na mimi ndiye abiria, ole wangu nikisinzia. Mwanawe Bariki, fundi umeme huko Dodoma, aliyapenda sana mambo haya. Nilikuwa namwandikia kwenye kisimu changu cha kitochi, "Baba leo anaendesha, tumeshavuka Malagarasi," naye anajibu kwa kicheko. Jamani, hebu ona nilivyojichimbia shimo kwa mikono yangu.

Ugonjwa uliingia Jumamosi. Bibi Rozalia wa chumba cha kwanza alitapika mezani, palepale kwenye sahani ya samaki wa migebuka. Jumapili walikuwa sita. Jumatatu tulifika kumi na mmoja, wapishi wawili wakiwemo, na ndoo zikawa hazitoshi. Bwana afya akaja, akachukua vipimo, akasema si kipindupindu, ni kirusi cha tumbo, kinapita mikononi. Geti likafungwa mnyororo. Kila mtu abaki chumbani kwake, na kushikana mikono marufuku.

Hilo la mikono lilituumiza kuliko tumbo lenyewe. Sisi Waha hatusalimiani kwa kupungiana. Unamshika mwenzako mkono, humwachii, unamuuliza yeye, nyumba yake, mbuzi wake na mvua ya kwao. Sasa tukawa tunaitana kutoka milangoni, "Mwakeye!", halafu mtu anarudi kitandani kwake. Ikifika saa nne asubuhi, makao yote yamenyamaza, unasikia maji ya klorini tu yakimwagwa korido.

Mimi tumbo lilinipitia siku moja likaniacha. Selestini lilimshika Jumatatu alfajiri na halikumwachia. Nesi Merina, binti mmoja mwenye moyo, alimtundikia dripu, akawa anamnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Jumanne asubuhi macho yake yalikuwa yameingia ndani. Akili ilikuwa yote, siku hiyo haikumpotea hata kidogo. Akaniambia, "Mwalimu, namtaka Bariki. Nataka nimwone."

Nikamuuliza Merina, na geti je? Akasema kwa aliyezidiwa bwana afya amekubali ndugu mmoja, atavaa glovu na barakoa. "Mwandikie wewe, Mwalimu. Mimi nina watu kumi na mmoja na mikono miwili."

Vocha ya kupiga sikuwa nayo, nilikuwa na meseji tu. Nikakaa chini, nikaandika kama mtu mzima anavyomwandikia mtoto wa mwenzake:

"Bariki mwanangu, habari za kazi. Sisi tupo. Baba yako anaendesha tangu jana, hapumziki. Anakutaja sana. Ni mimi Mwalimu."

Sikuandika "njoo". Mtu mzima na akili zake haamrishwi kuja kwa baba yake. Ukimwambia baba anakutaja, anajua mwenyewe viatu viko wapi. Na nilijipongeza, sitaki kudanganya. Niliona nimemsitiri Selestini, mwanawe hatamfikiria na ndoo.

Jibu liliingia kabla ya adhuhuri. "Hahahaaa! Mwacheni mzee aendeshe. Mwambie akisimama Uvinza anichukulie chumvi mfuko mmoja!"

Ala! Nilisikia damu inapanda mpaka masikioni. Mtoto gani huyu? Baba yake anakatika kiuno kwa tumbo, yeye anacheka, anaagiza chumvi!

"Kasemaje?" Selestini akauliza.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema mtandao unasumbua. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijawahi kukaa ndani ya mdomo. "Sikiliza mwanao alivyo," nikasema, nikamsomea neno kwa neno.

Selestini akacheka. Kicheko kidogo, cha puani. "Chumvi ya Uvinza," akasema. "Alikuwa ananiagiza hivyohivyo akiwa mdogo." Kisha akavuta shuka mpaka kifuani. "Basi haji," akasema, akageukia ukutani.

Nami nikaizima simu. Nikaitupa chini ya mto. Kijana asiye na adabu hastahili jibu, nilisema, tena kwa sauti, ili Selestini asikie kwamba niko upande wake. Siku ile yote sikuwa na mtu wa kugombana naye, nikajikuta nawafokea inzi.

Jumatano alasiri Merina akaja kubadilisha dripu. Akaniuliza Bariki yuko wapi, mbona kimya. Nikamwambia huyo sahau, huyo ameota pembe. Nikawasha simu nimwonyeshe aone mwenyewe. Akasoma jibu, akapandisha juu akasoma niliyoandika mimi, halafu akapandisha tena juu zaidi, kwenye zile za Malagarasi. Akakaa kwenye kitanda changu, na ilikuwa imekatazwa.

"Mwalimu," akasema polepole, "huyu anajua baba yake anaendesha treni."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa. Miaka thelathini na sita nimewachapa watoto kwa kuandika sentensi yenye maana mbili.

Nikaandika tena. "Baba yako anaharisha. Anatapika. Amezidiwa. Njoo." Nililiandika neno lenyewe, zima, na sikuona aibu yoyote. Haikupita dakika simu ikaita. Bariki alikuwa analia, anauliza tangu lini, tangu lini, na nikamjibu tangu Jumatatu. Basi la siku ile lilikuwa limeshaondoka. Akasema anapanda la alfajiri.

Nikamwambia Selestini, "Anakuja. Bariki anakuja, kosa lilikuwa langu." Nilimwambia mara tano, nimemwinamia sikioni. Alikuwa anahema tu. Nilivunja amri ya bwana afya, nikamshika mkono, nikamuuliza yeye, nyumba yake, mbuzi wake na mvua ya kwao, kama inavyotakiwa. Mkono wake haukukaza.

Alikufa Alhamisi saa saba mchana. Basi lilikuwa bado halijafika Uvinza.

Bariki alifika jioni; Merina alikuwa ameshampa habari kwa simu akiwa njiani. Gari la kuchukua mwili lilikuwa limeshashuka kwenda mochwari mjini, na Merina alikuwa akifunga godoro kwenye nailoni. Nikamwendea getini. Alikuwa upande ule wa mnyororo, begi begani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuandikia vibaya. Kisha nikakukasirikia, nikazima simu siku nzima. Ungemkuta."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, ningenyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Akashika mnyororo tu, akautazama.

"Ile meseji yangu," akasema. "Ile ya kucheka. Mlimsomea?"

"Nilimsomea."

Uso wake ukajikunja. "Akasemaje?"

Mtu akiniuliza swali namjibu, sijui kufanya vingine. Ndiyo maana sina marafiki. Nikamtazama yule kijana, aliyekaa kwenye basi kutwa nzima.

"Alicheka," nikasema. "Akasema ulikuwa unamwagiza chumvi hivyohivyo ukiwa mdogo."

"Alicheka?"

"Alicheka, haki ya Mungu."

Akaziba uso kwa viganja akalia, na nikaona mabega yake yanashuka, yanalegea. "Halafu?" akauliza. "Hakusema kitu kingine?"

"Hakusema kitu. Alilala."

Akanishukuru. Akanishukuru, jamani, mara mbili, mimi niliyemnyima baba yake. Kisha akateremka mlima kwenda mjini kumtafuta. Nikarudi chumbani na yale maneno mawili ya baba yake niliyomficha, nikayakalia mpaka usingizi ukanikataa, na kitanda cha pili hakikuwa na mtu wa kumwambia.